Uzi: Migongo iliyozama chini ya Bahari ya Hindi haikuzaliwa kwa namna moja

Mleta uzi:

Ndugu wana jukwaa, nawasalimu nyote. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya sentensi moja ambayo nimekuwa nikiikuta kwenye madaftari ya wanafunzi wa sekondari kwa miaka mingi, nayo inasema kwamba migongo ya chini ya bahari hutokea pale mabamba mawili ya ganda la dunia yanapoachana. Sentensi hiyo haina uongo ndani yake, lakini inaeleza uzazi wa aina moja tu ya mgongo, na mwanafunzi akiichukua hivyo hivyo na kuitumia kusoma ramani ya sakafu ya Bahari ya Hindi, atakosea zaidi ya mara moja kabla hajafika Sumatra. Bahari hii tunayoiona kila siku kutoka Lamu hadi Mtwara inaficha safu ndefu za milima zenye asili tofauti kabisa, na ni katika bahari hii hii ndipo ulipopatikana ushahidi uliowafanya wanajiolojia wa dunia nzima wabadili mawazo yao. Naona ni haki yetu kuujua.

Niseme kwanza neno kuhusu majina. Vitabu vingine huandika "matuta ya bahari" na vingine "migongo ya bahari", kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi nitayatenganisha, kwa sababu lugha yetu yenyewe imekwisha kuyatenganisha: tuta ni udongo uliorundikwa juu ya ardhi iliyokuwapo, lakini mgongo haukurundikwa na mtu, ni sehemu ya mwili wenyewe uliouinua. Tofauti hiyo itatusaidia sana huko mbele.

Tuanze na mgongo wa kweli. Ukitoka Ghuba ya Aden na kuelekea kusini-mashariki, chini ya maji kuna safu iitwayo Mgongo wa Carlsberg. Uligunduliwa na msafara wa meli ya Kidenmark iitwayo Dana, iliyozunguka dunia kati ya 1928 na 1930, na jina lake linatokana na mfuko wa Carlsberg uliogharimia safari hiyo. Miaka michache baadaye, mwaka 1933 na 1934, meli ya Kimisri iitwayo Mabahiss ilipita juu yake ikiwa na chombo cha kupima kina kwa mwangwi wa sauti, na wanasayansi waliokuwamo wakakuta kwamba kati ya kilele cha safu hiyo kuna bonde refu lenye kingo zilizosimama. Walipoandika matokeo yao mwaka 1937, walililinganisha bonde hilo na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Ulinganisho huo ulifanyika miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuwa na nadharia ya kuueleza, na kwa maoni yangu haujapewa heshima unayostahili.

Sasa, mgongo wa namna hii unatokeaje? Chini ya ganda la dunia kuna koti, yaani tabaka nene la mwamba ambao ni mgumu lakini una joto kali kiasi kwamba kwa muda wa mamilioni ya miaka hujongea taratibu. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mwamba huo huyeyuka kwa sababu umepashwa joto zaidi. Kwenye migongo, mambo hayaendi hivyo. Mabamba yanapoachana, mwamba wa chini hupanda kujaza nafasi, na unapopanda mgandamizo juu yake hupungua, na mgandamizo ukipungua mwamba ule ule, kwa joto lile lile la nyuzi 1,300 hivi, huanza kuyeyuka. Aliyewahi kupika kwa sufuria ya presha anaijua kanuni hii: maji yaliyotulia ndani ya sufuria iliyofungwa huchemka kwa fujo mara tu mgandamizo unapoachiwa, ingawa hakuna kuni wala mkaa ulioongezwa. Uji wa mwamba unaopatikana hupanda, hupoa na kuwa ganda jipya la basalti, yaani mwamba mweusi wa volkeno, lenye unene wa kilomita 6 au 7, kisha hupasuka tena katikati na kusukumwa pande zote mbili.

Jambo la pili ambalo mara nyingi husahauliwa ni sababu ya mgongo kuwa juu. Haukuinuka kwa sababu lava nyingi imerundikana pale. Unene wa ganda kwenye kilele na unene wa ganda umbali wa kilomita 1,000 kutoka hapo havitofautiani sana. Kilele kiko juu kwa sababu mwamba wake na ulio chini yake bado una moto, na mwamba wenye moto huwa mwepesi na huchukua nafasi kubwa zaidi. Unavyosogea mbali na kilele, mwamba hupoa, husinyaa na kuzama. Kwa wastani vilele vya migongo hii viko kwenye kina cha mita 2,500. Sakafu yenye umri wa miaka milioni 25 iko kwenye mita 4,250 hivi, na yenye umri wa miaka milioni 64 inakaribia mita 5,300. Wanaopenda hesabu wataona kwamba kina huongezeka kwa kufuata kipeuo cha pili cha umri. Ndiyo maana nikasema huu ni mgongo na si tuta: ukiweza kuuzima moto wake, utalala chini wenyewe bila kuondolewa hata jiwe moja.

Ushahidi wenyewe ulitoka kwenye Mgongo huu huu wa Carlsberg. Mwaka 1962 Drummond Matthews wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikuwa ndani ya meli ya Kiingereza Owen, akipima nguvu ya sumaku juu ya sehemu ya safu hiyo wakati wa msafara wa kimataifa wa kuchunguza Bahari ya Hindi. Mwanafunzi wake, Fred Vine, aliyachambua vipimo hivyo kwa kompyuta na kuona kwamba baadhi ya miamba ya pale imehifadhi sumaku iliyogeukia upande ulio kinyume na wa leo. Basalti inapopoa huhifadhi mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati huo, na sumaku ya dunia imegeuka mara nyingi. Mara ya mwisho ilikuwa miaka 780,000 hivi iliyopita. Kwa hiyo, kama ganda jipya huzaliwa kwenye kilele na kusukumwa pembeni, sakafu ya bahari inapaswa kuwa na mistari ya sumaku inayopishana, na mistari ya upande mmoja ifanane na ya upande wa pili. Vine na Matthews walichapisha hoja hiyo Septemba 1963. Mkanada Lawrence Morley alikuwa amefikia wazo lile lile peke yake, lakini majarida mawili yalikataa makala yake, jambo ambalo kila ninapolikumbuka huniuma.

Tunaweza kufanya hesabu sisi wenyewe. Mgongo wa Carlsberg hupanuka kwa kasi ya kati ya milimita 22 na 32 kwa mwaka, pande zote mbili kwa pamoja. Tukichukua milimita 25, kila upande unapata milimita 12.5. Zidisha kwa miaka 780,000 utapata karibu kilomita 10. Maana yake ni kwamba ukisafiri kilomita 10 tu kutoka kwenye kilele, utakuwa umevuka mpaka na kufika kwenye mawe yaliyozaliwa wakati dira ingeelekeza kusini.

Nitaendelea na aina nyingine, lakini naomba kwanza maswali juu ya hii.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo yenye utulivu. Nina swali ambalo limenikaa tangu shuleni. Kama migongo hii inatengeneza sakafu mpya kila mwaka, na umesema inafanya hivyo kwa mamilioni ya miaka, basi dunia inapaswa kuwa inapanuka kama puto. Je, imewahi kupimwa ikaonekana kwamba inapanuka?

Mleta uzi:

Swali lako si dogo, ndugu yangu, na usione haya kuliuliza, kwa sababu mmoja wa watu waliochora migongo hii kwa mara ya kwanza alilijibu kwa kusema ndiyo. Bruce Heezen wa Marekani, aliyefanya kazi na Marie Tharp katika kituo cha Lamont cha Chuo Kikuu cha Columbia, aliamini kwa miaka kadhaa kwamba dunia inavimba.

Hadithi yao inahusu uzi huu moja kwa moja. Tharp hakuwa akipanda meli, kwa kuwa wakati ule wanawake hawakuruhusiwa kwenye meli za utafiti za taasisi yao. Heezen alileta vipimo vya kina kutoka baharini na Tharp akavigeuza kuwa picha ya milima. Mwaka 1952 aliona kwamba katikati ya mgongo wa Atlantiki kuna bonde lenye umbo la herufi V, na akatambua kwamba ni ufa. Heezen aliyapuuza kwa kuyaita maneno ya kisichana. Baadaye, vitovu vya matetemeko ya ardhi vilipowekwa kwenye ramani, vilikaa sawasawa juu ya bonde lile, na ubishi ukaisha. Walipofuata mstari huo kuzunguka dunia, uliingia Bahari ya Hindi, ukapanda hadi Ghuba ya Aden na kupokelewa nchi kavu na Bonde letu la Ufa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba migongo hii ni mfumo mmoja wenye urefu wa kilomita 65,000 hivi, na kwamba tawi moja la jambo lile lile linapita Ethiopia, Kenya na Tanzania.

Sasa jibu lenyewe. Dunia haipanuki, kwa sababu kinachozaliwa upande mmoja humezwa upande mwingine. Mmarekani Harry Hess alilieleza hilo katika makala yake ya 1962. Katika bahari yetu, mahali pa kumezwa ni kwenye shimo refu lililo mbele ya Sumatra na Java, ambako sakafu ya Bahari ya Hindi huteremka chini ya Indonesia. Mteremko huo haupiti kwa ulaini. Hukwama, na unapojiachia, tunaupata hata sisi. Tetemeko la tarehe 26 Desemba 2004 lilitoka huko, na mawimbi yake yaliua watu hadi Somalia, Kenya na Tanzania. Kwa sababu ya kumezwa huko, sakafu yote ya bahari ni changa: sehemu kongwe zilizobaki katika bahari kuu hazizidi sana miaka milioni 180, wakati mabara yana miamba ya miaka zaidi ya bilioni 3.

Sasa niingie kwenye aina ya pili, ambayo ndiyo inayowapoteza wanafunzi wengi.

Ukiitazama ramani ya sakafu upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi, utaona mstari ulionyooka ajabu, unaotoka Ghuba ya Bengali kwenda kusini kwa karibu kilomita 5,000, ukifuata longitudo ya 90 Mashariki kana kwamba umechorwa kwa rula. Unaitwa Mgongo wa Tisini Mashariki. Hauna bonde la ufa katikati. Mistari ya sumaku haifanani kushoto na kulia kwake. Wala haupanuki. Kwa maneno yangu ya mwanzo, huu si mgongo bali ni tuta, na kweli uliorundikwa.

Aliyerundika ni kitovu cha joto kilichoko leo chini ya visiwa vya Kerguelen, kusini mwa Bahari ya Hindi kuelekea Antaktiki. Kitovu cha joto ni mahali ambapo mwamba wenye moto zaidi ya kawaida hupanda kutoka ndani sana ya koti la dunia na kutoboa bamba lililo juu yake. Bamba la India lilikuwa likikimbilia kaskazini kwa kasi kubwa, na lilipopita juu ya kitovu hicho lilitobolewa mara kwa mara, volkeno baada ya volkeno, kama kitambaa kinachovutwa chini ya sindano ya cherehani: sindano haisogei, lakini mshono unakuwa mrefu. Wachimbaji waliposhusha mitambo kutoka melini na kutoa sampuli, walikuta kwamba mawe ya kaskazini yana umri wa karibu miaka milioni 80, na ya kusini karibu miaka milioni 43. Na sumaku iliyomo ndani yake inaonyesha kwamba yalipozaliwa yalikuwa karibu na latitudo ya 50 Kusini, ambako Kerguelen ipo hadi leo, ingawa ncha ya kaskazini ya tuta hilo sasa imevuka ikweta.

Kuna jambo moja katika sampuli hizo ambalo nalipenda kuliko yote. Mahali pamoja, chini ya maji marefu na tabaka nene za mashapo, yaani matope na mchanga uliotulia, mitambo ilileta juu makaa ya mawe machanga, yaani mabaki ya mimea. Mimea haioti chini ya bahari. Kwa hiyo baadhi ya vilele vya tuta hili vilikuwa visiwa, vyenye vinamasi na majani, vikapoa, vikazama pamoja na bamba vilivyokaa juu yake.

Kitovu cha pili kiko upande wetu, chini ya kisiwa cha Reunion, ambako volkeno ya Piton de la Fournaise bado hulipuka mara kwa mara. Kitovu hicho ndicho kilichomwaga lava iliyoganda ikawa miamba ya Deccan huko India miaka milioni 66 iliyopita, kisha kikaacha mshono wa visiwa vya Lakshadweep, Maldivi na Chagos. Baadaye Mgongo wa Carlsberg na ule unaoendelea kusini mwake ukapita juu ya kitovu, na tangu hapo mshono ukahamia upande wa bamba la Afrika. Miamba iliyokuwa pamoja ilikatwa katikati na mgongo unaopanuka na kupelekwa pande mbili, ndiyo maana leo Chagos iko mashariki mwa mgongo na Ukingo wa Nazareth, mwinuko mpana uliozama, uko magharibi. Hapa mnaona aina mbili za uzazi zikikutana na moja kuivunja kazi ya nyingine.

Mchangiaji wa pili:

Mwalimu, nami naomba kuuliza. Niliishi Ushelisheli kwa muda wa miaka minne kwa ajili ya kazi. Mawe makubwa ya Mahe na La Digue si meusi kama ya volkeno. Ni ya rangi ya waridi na kijivu, yenye punje zinazong'aa, na wenyeji walituambia ni granaiti. Kama nyanda hizo zilizozama kati ya Ushelisheli na Reunion ni mshono wa volkeno, granaiti imetoka wapi? Na je, ni kweli kwamba kulikuwa na bara lililozama?

Mleta uzi:

Wenyeji walikuambia ukweli. Granaiti ya Ushelisheli ina umri wa karibu miaka milioni 750, yaani ni kongwe mara nyingi kuliko bahari inayoizunguka. Volkeno ya baharini haitengenezi mwamba wa namna hiyo. Hiki ndicho ninachokiita kigae: chungu kikubwa cha bara la kale la Gondwana kilipovunjika, vipande vikubwa vikawa Afrika, India, Madagaska, Australia, Amerika Kusini na Antaktiki, lakini vipande vidogo pia vilibaki njiani. Ushelisheli ilikuwa imeshikana na India, na ilikatika kutoka kwake katika kipindi kinachokaribiana na ule mwago wa Deccan. Tangu hapo kigae hicho kimebaki upande wa Afrika, na Mgongo wa Carlsberg ndio unaozidi kukitenga na India kila mwaka.

Kwa hiyo safu ya Mascarene, yaani hizo nyanda ulizozitaja, inayokwenda kwa upinde kutoka Ushelisheli hadi Reunion kwa karibu kilomita 2,000, ina asili mbili ndani ya jina moja: kaskazini ni kigae cha bara, kusini ni tuta la volkeno. Wachoraji wa ramani waliipa jina moja kwa sababu kwa kipimo cha kina inaonekana kitu kimoja. Mimi nadhani huu ni mfano mzuri kuliko wote wa kuonyesha kwamba umbo peke yake halitoshi kumwambia mtu asili ya mgongo.

Kuhusu bara lililozama, Mwingereza Philip Sclater alipendekeza mwaka 1864 kwamba lilikuwapo bara aliloliita Lemuria kati ya Madagaska na India, ili kueleza kwa nini komba wa Madagaska wana jamaa wa karibu katika nchi zilizo mbali hivyo. Hoja yake ilikuwa ya busara kwa wakati wake, lakini bara zima haliwezi kuzama kama meli. Miamba ya bara ni myepesi kuliko miamba iliyo chini yake, hivyo huelea. Kinachoweza kutokea ni bara kuvutwa na kunyooshwa hadi kuwa jembamba, na likiwa jembamba huelea chini zaidi na kufunikwa na maji. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba ndani ya mchanga wa fukwe za Morisi kuna punje za madini ya zirkoni zilizo kongwe mno kuliko kisiwa chenyewe, ambacho miamba yake ya juu haizidi miaka milioni 9 hivi. Wengine wakasema huenda punje hizo zililetwa na upepo au na viatu vya watu. Mwaka 2017 zikatolewa zirkoni nyingine kutoka ndani ya mwamba wenyewe wa volkeno, nazo zikapimwa na kupatikana na umri wa hadi miaka bilioni 3. Maana yake ni kwamba lava ilipokuwa ikipanda ilipita katikati ya kigae cha bara la kale kilichofunikwa chini ya Morisi, ikang'oa punje hizo na kuja nazo juu.

Mchangiaji wa tatu:

Nimefuatilia tangu mwanzo, na nakiri nimejifunza. Hata hivyo, naomba mleta uzi atueleze kama tofauti hii ya asili ina uzito wowote nje ya maabara. Mvuvi au serikali inapata nini kwa kujua kwamba hapa ni kigae na pale ni tuta?

Mleta uzi:

Ina uzito wa kisheria, ndugu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika ibara yake ya 76, unairuhusu nchi kudai sakafu ya bahari nje ya maili 200 za baharini kutoka pwani yake endapo sakafu hiyo ni mwendelezo wa asili wa ardhi yake. Lakini ibara hiyo hiyo inasema kwamba migongo ya bahari kuu haihesabiwi, na kwa migongo mingine inaweka kikomo cha maili 350, isipokuwa miinuko ambayo ni sehemu halisi ya ukingo wa bara, kama vile nyanda na kingo za chini ya maji. Kwa hiyo mwanajiolojia anapoulizwa mwinuko umezaliwaje, jibu lake linaweza kuongeza au kupunguza eneo la nchi. Morisi na Ushelisheli waliwasilisha dai la pamoja mwaka 2008 kuhusu Nyanda za Mascarene, likakubaliwa mwaka 2011, na mwaka 2012 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa kusimamia kwa pamoja eneo la kilomita za mraba 396,000 hivi. Ni eneo linaloizidi Zimbabwe kwa ukubwa, nalo lote liko chini ya maji.

Mchangiaji wa nne:

Mimi ni mtu wa Mtwara. Umetaja Carlsberg, Kerguelen na Ushelisheli, lakini hujatuambia chochote juu ya bahari iliyo mlangoni kwetu. Je, kati ya sisi na Madagaska hakuna kitu?

Mleta uzi:

Kipo, na nilikihifadhi hadi mwisho kwa sababu ndicho kigumu kuliko vyote. Mbele ya mpaka wa Tanzania na Msumbiji unaanza Mgongo wa Davie, ambao hukata Mlango wa Msumbiji kutoka kaskazini kwenda kusini kwa zaidi ya kilomita 1,000, hadi karibu na kusini-magharibi mwa Madagaska. Hauna bonde la kupanuka kama Carlsberg, kwa hiyo si mgongo kwa maana niliyoieleza. Hauna mfuatano wa volkeno zinazozeeka kuelekea upande mmoja, kwa hiyo si tuta. Umetolewa mawe ya naisi, ambayo ni mwamba wa bara, lakini si kigae kimoja kilichotulia kama Ushelisheli. Mimi nauita kovu.

Madagaska haikuondoka Msumbiji kwenda mashariki, kama ramani inavyomshawishi mtu kudhani. Miaka milioni 165 hivi iliyopita ilikuwa imelala kando ya Somalia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania, kisha ikateleza kuelekea kusini kwa zaidi ya miaka milioni 40. Kitu kikubwa kama hicho hakiwezi kuteleza bila ukingo wake mmoja kusuguana na jirani yake, na mstari wa msuguano huo ndio Mgongo wa Davie: miamba ilisagwa, vipande vya bara vikabanwa na kuinuliwa, vingine vikaachwa njiani. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba mpasuko wenyewe haukuwa mmoja ulionyooka bali kadhaa zilizokaribiana, na mimi nadhani hiyo ni kweli, kwa kuwa bara halikatiki kama karatasi. Ganda jipya lililozaliwa nyuma ya Madagaska liko sasa mbele ya Mombasa na Zanzibar. Mgongo uliolizaa ulikwisha kufa zaidi ya miaka milioni 110 iliyopita, ukapoa, ukazama, na mashapo yakaufunika kabisa, kiasi kwamba hauonekani kwa kipimo cha kina. Hutambuliwa kwa sumaku, kwa uvutano na kwa mawimbi ya sauti yanayopenya mashapo.

Kwa ndugu zangu wa Mtwara naongeza kwamba mashapo hayo ni yale yaliyoletwa na mito kama Ruvuma na Rufiji kwenye mabonde yaliyofunguliwa na kuondoka kwa Madagaska, na gesi asilia ya pwani na ya bahari kuu imehifadhiwa ndani ya mchanga wa mabonde hayo. Kovu halikutengeneza gesi, lakini historia iliyoliacha kovu ndiyo iliyochimba vyungu vya kuihifadhi.

Tena kovu hilo halijapoa kabisa. Mvutano ule ule unaopanua Bonde la Ufa nchi kavu umefika baharini, na kando ya Mgongo wa Davie kuna mabonde machanga yanayofunguka juu ya mipasuko ya zamani, kwa sababu mahali palipowahi kukatika hukatika tena kwa urahisi. Matetemeko yanaufuata mstari huo. Wengi wenu mliokuwa Dar es Salaam mnakumbuka jioni ya tarehe 12 Agosti 2020, majengo yalipotikisika na watu wakatoka nje mbio. Tetemeko hilo, lenye ukubwa wa karibu 6, lilitokea chini ya bahari mbele ya pwani yetu, katika ukanda huo huo unaovutwa.